Nilivyopwelewa Kaub

Nilikuwa na miaka kumi na moja mjomba aliponipakia kwenye mashua yake kwenda Faza, tukapwelewa Mkanda. Anayeijua Lamu anaujua Mkanda: mkondo mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko imesimama huku na huku, na maji yakipwa hayabaki hata ya kulowesha magoti. Siku hiyo tulichelewa kupakia simenti, na zilikuwa siku za bamvua, maji yakivuta yanavuta kwelikweli. Mashua ikalala ubavu kwenye tope. Nikalia. Mjomba akatandika mkeka, akawasha jiko, akachemsha chai ya tangawizi, kisha akaniambia, "Mwanangu, maji yana ahadi. Masaa sita hayazidi." Baada ya Adhuhuri mashua ikaanza kutikisika, akachoma upondo, tukaondoka.

Hesabu hiyo niliibeba hadi ukubwani, nikasafiri nayo mpaka Ulaya, na ni huko ilikonishinda.

Nilihamia Basel, Uswisi, mwaka 2015. Mke wangu ni mzaliwa wa huko. Wiki ya kwanza alinipeleka kwenye daraja la kati la mji, Mittlere Brücke, nikauona mto Rhine kwa mara ya kwanza: maji ya kijani yanakwenda mbio bila povu, na ng'ambo ya pili iko karibu kiasi cha kumtambua mtu unayemfahamu. Nilimpigia mjomba nikamwambia, mto wanaousifia dunia nzima ndio huu, naweza kuuvuka kwa kuogelea. Akanijibu, "Maji ya kifuu, bahari ya chungu." Nikadhani anawasema Wazungu.

Kiangazi kilipofika nilijaribu. Watu wa Basel huogelea mtoni makundi kwa makundi, nguo na simu zao wamezitia ndani ya mfuko usiopenya maji, wenye umbo la samaki. Niliingia nikielekeza kichwa ng'ambo, kama tunavyofanya kwetu. Nilipoinua uso, ngazi niliyoilenga ilikuwa mbali nyuma yangu, na daraja lilikuwa linanijia. Niliumeza mto ule kidogo kabla ya kushika mnyororo wa ukutani. Bibi mmoja aliyekuwa akielea karibu yangu, kwa umri wa kumwamkia shikamoo, alinieleza taratibu kwamba hapa watu hawavuki, wanashuka nao. Mkondo wa bahari nilioukulia hubadilisha nia mara nne kwa siku. Huu una nia moja tu tangu milimani.

Na milima hiyo nimeifika. Mto unahesabiwa kuanzia ziwa dogo liitwalo Toma, katika jimbo la Graubünden, mita 2,345 juu ya usawa wa bahari. Ni ziwa ambalo mtoto angerusha jiwe likakaribia ng'ambo. Kutoka pale maji hupita mpakani mwa Liechtenstein na Austria, huingia ziwa Bodensee, hutoka, huanguka mita 23 kwenye maporomoko ya Schaffhausen, yakafika Basel. Baada ya Basel ni Ufaransa mkono wa kushoto na Ujerumani mkono wa kulia, kisha Ujerumani pande zote mbili, na mwisho Uholanzi, ambako mto hujigawa matawi na kupoteza jina kabla ya kuiona bahari. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kuwa urefu wake ni kilomita 1,320. Mwaka 2010 mtaalamu mmoja wa biolojia wa Köln alitangaza kwamba hesabu haiingiani, na kwamba yaelekea zamani mtu aligeuza tarakimu mbili. Urefu wake ni kama kilomita 1,230. Mto uliopimwa kuliko karibu mito yote duniani, na bado kosa kama hilo likapita mkononi mwa walimu kwa miongo.

Mwaka 2017 nilipata kazi ya ubaharia kwenye meli ya abiria ya mita 110, inayopanda na kushuka kati ya Basel na Amsterdam. Nahodha wetu alikuwa Mholanzi aliyezaliwa melini, mtoto wa wazazi waliokuwa na tishari lao. Familia za namna hiyo bado zipo: unapishana na tishari lililobeba mchanga au mafuta, na kule tezi, nyuma ya chombo, unaona mapazia ya dirishani, gari dogo limeegeshwa juu ya sitaha, na bembea ya mtoto. Serahangi, mkuu wa mabaharia, alikuwa Mhungaria. Hakuwa na maneno mengi, na mengi kati ya aliyokuwa nayo nilistahili kuyasikia.

Niliyastahili zaidi katika lango la maji la kwanza. Kati ya Basel na Iffezheim mto umezuiwa kwa mabwawa kumi ya umeme, la kwanza lile la Kembs lililokamilika 1932, na kila bwawa lina lango ambalo meli huingia kama sanduku, maji yakashushwa au kupandishwa mpaka yalingane na upande wa pili. Nilipewa kamba ya omo, ya mbele ya meli. Nikaifunga kwenye kigingi cha ukutani fundo la kwetu, fundo ambalo mjomba angelitazama akaridhika. Maji yakaanza kushuka. Meli ikashuka nayo, kamba haikushuka. Ilianza kulia, sauti nyembamba ambayo bado naisikia, na serahangi akaja mbio akanisukuma kifuani kwa kiwiko, akailegeza kwa nguvu zake zote kabla haijakatika na kutupiga. Hakunitukana. Alinionyesha tu jinsi ya kuizungusha kamba mara mbili bila fundo, mkono mmoja ukiiachia kidogo kidogo kadiri meli inavyoteremka. Kwetu chombo ukikifunga vizuri umemaliza kazi. Humu kufunga ni kazi inayoendelea mpaka lango lifunguke.

Kuna jambo la lugha lililonifunza mto huu haraka kuliko ramani. Mabaharia wa Rhine hawasemi kaskazini wala kusini. Husema unakwenda "mlimani" au unakwenda "bondeni", hata mkiwa kwenye tambarare ya Uholanzi ambako mlima wa karibu hauonekani kwa siku tatu. Na desturi yote ya kupishana imejengwa juu ya maneno hayo. Anayeteremka anasukumwa na maji, hawezi kusimama haraka. Anayepanda ana uwezo wa kujizuia. Kwa hiyo anayepanda ndiye anayechagua njia, na lazima achague njia inayomfaa anayeteremka. Kawaida hupishana kushoto kwa kushoto. Akitaka iwe kulia kwa kulia, hutoa ubao wa buluu wenye taa nyeupe inayomemeta katikati, na anayeteremka hujibu kwa ubao kama ule. Mara ya kwanza niliposimama kando ya nahodha nikaona mbao mbili za buluu zinajibizana kwenye ukungu wa alfajiri, watu wawili wasiojuana lugha, sikuwa na neno. Mwenye nafasi anamfikiria asiye nayo. Nimeishi kwenye majumba ambamo kanuni hiyo haikuwapo.

Haikushuka kutoka mbinguni. Karne na karne mto huu ulikuwa wa kutozana. Katika bonde jembamba kati ya Bingen na Koblenz ngome zimepangana vilimani kama vitunguu kwenye uzi, na wageni wetu wa melini walizipiga picha wakisema zinapendeza. Nyingi zilihusika na kulinda ardhi na ushuru. Ile ya Pfalzgrafenstein, iliyojengwa katikati ya maji mbele ya mji mdogo wa Kaub kuanzia 1326, ilikuwa ya ushuru hasa: mnyororo ulizuia njia, hulipi hupiti. Mfanyabiashara aliyetoka Mainz kwenda Köln alilipa, akaenda kidogo, akalipa tena. Mwaka 1815, kwenye mkutano wa Vienna baada ya vita vya Napoleon, madola yalikubaliana kuwa safari katika mto huu iwe huru, na mwaka uliofuata tume ya kuusimamia ilikaa kikao chake cha kwanza Mainz. Tume hiyo ingali hai, makao yake yako Strasbourg, na vyeti vyetu vya ubaharia vimetokana na kanuni zake. Mkataba wa Mannheim wa 1868 ndio uliofuta ushuru kabisa. Katikati wamepigana vita vitatu vikubwa kuvuka mto huohuo, wakavunja madaraja yao kwa mikono yao, na tume haikufa. Nikilifikiria hilo huwa napata matumaini ambayo siyapati kwenye taarifa za habari.

Koblenz sikuipenda mapema. Pale mto Mosel unapoingia Rhine kuna sanamu kubwa mno ya Kaiser Wilhelm wa Kwanza juu ya farasi. Iliwekwa 1897, ikabomolewa kwa mizinga 1945, nakala yake ikarudishwa 1993. Abiria huteremka, hula aiskrimu chini yake. Mimi naitazama nikikumbuka kwamba ni huyu ambaye Februari 1885 alitia saini hati ya kuwapa watu wa Carl Peters sehemu ya Tanganyika, na ni mwaka huohuo Witu, iliyo bara ng'ambo ya Lamu, ikawekwa chini ya ulinzi wa Wajerumani. Mjini kwetu jengo la posta yao ya mwaka 1888 limefanywa makumbusho. Nilipita mbele yake nikienda chuoni kila siku. Sikujua kuwa nitakuja kufunga kamba za meli mbele ya mwenye saini.

Kilomita chache chini ya Kaub iko Loreley. Ni jabali la mita 132 linalojitokeza mahali mto unapojibana na kupinda, na kina chake kinashuka kupita mita 20. Wenyeji wanayo hadithi ya mwanamke aliyeketi juu akichana nywele na kuimba mpaka mabaharia wakasahau usukani. Hadithi yenyewe si ya kale kama inavyodhaniwa, washairi waliitunga miaka ya 1800. Lakini mimi niliielewa bila kufasiriwa, kwa sababu kila mlango wa bahari mbaya wa kwetu una chunusi wake, jini la majini, na watu hawayapi maji chunusi bila sababu. Januari 2011 meli ya tangi yenye karibu tani 2,400 za asidi ya salfuriki ilipinduka pale. Walikuwa mabaharia wanne, wawili hawakurudi. Siku hizi kwenye kona hizo kuna taa zenye milia myeupe zinazomwambia anayepanda kama kuna chombo kinateremka asikokuona. Nahodha wetu alizima redio ya muziki kila tulipokaribia. Hakuwahi kueleza kwa nini, na hapakuwa na haja.

Sasa Kaub. Mwaka 2018 mvua ilikatika tangu masika yao, kiangazi kikawaka, na kufika Oktoba kila mtu melini, mpaka mpishi, alianza siku kwa swali moja: Kaub ngapi? Pale ukingoni kipo kipimo cha maji, na kwa sababu ndipo mahali penye kina haba katika sehemu ya kati ya mto, namba yake huamua maisha ya watu kutoka Rotterdam hadi Uswisi. Namba hiyo si kina chenyewe. Ukiongeza kama mita moja na ushei ndipo unapata maji yaliyopo njiani. Mwishoni mwa Oktoba ilisoma sentimita 25, ndogo kuliko zote zilizopata kuandikwa pale. Matishari yalibeba sehemu ndogo ya shehena yake, kwa hiyo palihitajika matatu au manne kufanya kazi ya moja. Kiwanda kikubwa cha kemikali cha Ludwigshafen kilipunguza kazi. Vituo vya mafuta vya Ujerumani ya kusini na magharibi vikaanza kukaukiwa. Hayo yote kwa ajili ya vidole vichache vya maji mbele ya mji mdogo wa wakulima wa zabibu.

Sisi tulikuwa tunapanda. Tulifika chini ya Kaub, nahodha akaangalia namba, akaangalia meli, akageuza. Abiria wakapandishwa mabasi wakaendelea na safari yao kwenye meli nyingine iliyokuwa juu ya pale. Sisi wa kazi tukabaki na meli tupu, siku baada ya siku. Mawe yaliyozaliwa chini ya maji yalikuwa juani, watoto wa mji wakiyarukia. Ngome ya katikati ya mto ilikuwa imezungukwa na changarawe.

Siku ya pili nilijikuta nasubiri. Nilikaa omo na kikombe cha chai, nikiutazama mstari wa maji kwenye ukuta wa gati, na ilinichukua muda kujifahamu ninachofanya: nilikuwa nahesabu masaa sita. Mwili wangu ulikuwa unaamini kwamba maji yatarudi kwa sababu yamekwenda. Nikamweleza serahangi. Akatazama juu, mahali pa mawingu, akasema maji ya kesho ya Kaub ni mvua ya juzi huko Uswisi, na theluji ya majira yaliyopita, na kama hayakunyesha huko hakuna wa kumdai. Kampuni ilitukata posho kwa siku ambazo hatukusafiri. Jambo hilo liliniuma kwa sababu mkataba haukusema hivyo, na wenzangu watatu walikuwa wanatuma pesa nyumbani. Tulilalamika pamoja, tukarudishiwa nusu.

Katika siku hizo za bure ndipo nilipoanza kumuuliza nahodha maswali. Alinionyesha ramani ya zamani ya sehemu kati ya Basel na Worms: mto ulikuwa umejisokota kama utumbo, na visiwa mamia. Mhandisi Johann Gottfried Tulla alianza kuunyoosha mwaka 1817, kazi ikamalizika 1876 yeye akiwa amekwisha kufa, na mto ukafupishwa kilomita 81. Vijiji vilipona mafuriko, ardhi ya kulima ikapatikana, na mabwawa yaliyotuama yakakauka. Kwenye mabwawa hayo kulikuwa na malaria. Nilimrudisha nyuma kwenye neno hilo. Malaria? Hapa? Ndiyo, watu wa bonde hili walitetemeka kwa homa ileile iliyomchukua dada yangu mdogo. Sikujua. Nilikuwa nimeamini, bila kuambiwa na mtu, kwamba ule ni ugonjwa wa ardhi yetu.

Lakini mto ulionyoshwa hukimbia, na ukikimbia huchimba chini yake. Maji ya visima yakashuka, mafuriko yakaanza kufika haraka kwa watu wa chini. Hata leo, chini ya bwawa la mwisho la Iffezheim, vyombo vya kazi humwaga changarawe mtoni mwaka hadi mwaka, kwa sababu mabwawa yamezuia ile ambayo mto ungeileta wenyewe, na bila hiyo sakafu ingezidi kuchimbika. Nimeviona vikifanya kazi. Walioukata mto zaidi ya miaka mia moja iliyopita waliacha deni ambalo vitukuu wao wanalilipa kwa vyombo vilivyojaa mawe.

Jirani yetu wa Basel, mzee mstaafu, ndiye aliyenisimulia la 1986. Usiku wa manane wa kuamkia Novemba 1, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliwaka huko Schweizerhalle, juu kidogo ya mji. Ving'ora vililia, watu wakaambiwa wafunge madirisha, na hewa ilinuka mayai yaliyooza. Maji ya kuzimia moto yalibeba sumu ya kuulia wadudu yakaingia nayo mtoni, na mto ukawa mwekundu kwa rangi iliyokuwa ghalani. Mikunga ilikufa mpaka kule Loreley, kilomita mia nne chini. Miji iliyokunywa maji ya mto ilifunga mabomba yake hadi Uholanzi, kwa watu ambao hawakujua hata jina la mahali moto ulipowaka. Mzee alisema wao wa Basel walisimama darajani wakiitazama rangi ile ikienda zake, na baada ya siku chache maji yao yalikuwa safi. Hapo alinyamaza kidogo. "Kwetu ilipita," akasema. "Kwao ilikuwa ndiyo kwanza inafika."

Mwaka uliofuata nchi za mto zilipatana mpango wa kuusafisha, na lengo walilolichagua lilikuwa samaki: samoni, aliyekwisha kutoweka, awe amerudi kufikia mwaka 2000. Amerudi kwenye vijito vya chini, na ngazi za samaki zimejengwa Iffezheim, Gambsheim na Strasbourg ili apande zaidi. Nawapenda watu walioamua kupima usafi wa mto kwa mgeni anayerudi nyumbani.

Mwaka jana nilikwenda Lamu. Mjomba ana miaka sabini na mitano, amekabidhi mashua kwa mwanawe, ila alisisitiza anipeleke Faza mwenyewe. Njiani nilimweleza habari za vivuko vinne vya Basel ambavyo havina injini wala tanga: mashua imening'inizwa kwa kamba kwenye waya uliovuka mto, unaigeuza ubavu kidogo, na mkondo wenyewe unaisukuma mpaka ng'ambo. Hilo alilielewa kabla sijamaliza, akaonyesha kwa kiganja pembe inayotakiwa. Kisha nikamweleza Kaub.

Tulikuwa Mkanda, na tulikuwa tumechelewa. Mashua ikagusa. Mjomba akautia upondo majini, akautazama ulipolowa, akaulaza. Binamu yangu akaanza kutafuta jiko.

"Huko kwenu sasa hivi ni ngapi?" akauliza.

Nilikuwa na mtandao. Nikafungua simu, nikamsomea namba ya Kaub.

"Inatosha?"

"Kwa leo inatosha."

Akaitikia kwa kichwa, akajisogeza kivulini mwa tanga, akatandika mkeka upande wangu.